Mzee Kolumbani Amesafiri

Kompyuta ya nyumba ilizimika Bibi Paskwina akiwa anammiminia mwanawe chai, na jina la mwanawe likazimika pamoja nayo. Birika likabaki limeinama hewani. Chai ikajaa kikombe, ikafurika kwenye kisahani, ikaanza kutambaa juu ya kitambaa cha meza. Fulgensi aliushika mkono wa mama yake taratibu, akalirudisha birika mahali pake.

"Ahsante, baba," Bibi Paskwina alisema, kwa ile adabu anayopewa mgeni. "Karibu sana. Sijui umetumwa na nani?"

"Ni mimi, mama. Fulgensi."

"Fulgensi." Alilionja jina hilo kama mpishi anayeonja mchuzi. "Mwanangu naye anaitwa hivyo. Yuko Dodoma, anafanya kazi kwenye mitambo ya maji."

"Ndiyo, mama. Nimetoka huko."

"Basi utakuwa unamfahamu. Msalimie. Mwambie njia ya kuja nyumbani bado haijaota majani."

Fulgensi aliinamisha uso, akajifanya anapangusa meza.

Kidude cha mama yake kilikuwa mahali pake nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya haragwe, lakini taa yake ilikuwa haiwaki. Watu wa Njombe walikiita kinong'onezi. Chenyewe hakikujua kitu, kilikuwa mdomo tu. Akili ilikaa kwenye sanduku la chuma chini ya kabati la vyombo. Hiyo ndiyo kompyuta ya nyumba, iliyosikiliza na kutazama kila kilichotendeka humo ndani na nje ya madirisha, na kukisokota kuwa uzi mmoja. Mzee aliyeshikwa na maradhi ya kusahau alipofika penye shimo la kumbukumbu, kinong'onezi kilimpa ncha ya uzi: huyu ni mwanao, chakula umeshakula, sufuria iko jikoni, moto unawaka. Wa pembeni hakusikia neno. Aliyekaa na Bibi Paskwina uzi ukiwa mzima aliona mama mwenye akili timamu, anayesita kidogo kabla ya kujibu.

Feni ya sanduku ilianza kuvuma upya. Fulgensi alingoja. Punde taa nyuma ya sikio ikawaka, na macho ya mama yake yakarudi, kama mtu aliyekuwa chumba cha pili na sasa ameingia sebuleni.

"Fulge, mbona chai imemwagika hivi? Nani kaimwaga?"

"Mimi, mama. Mkono umeteleza."

"Ulikuwa hivyo hivyo tangu utotoni," alisema, akaenda kutafuta kitambaa.

*

Jirani, Mama Tulizo, ndiye aliyempigia Fulgensi simu. Alimwambia mashine ya mama yake inazimika hovyo, na kwamba asubuhi moja walimkuta amesimama peku katikati ya shamba la chai, ukungu umemfunika mpaka kiunoni, hajui nyumba yake ni ipi kati ya zile zinazoonekana. Fulgensi aliomba ruhusa kazini. Alipakia bisibisi zake, kipima umeme, pawa saplai mpya na kadi mpya ya memori yenye nafasi kubwa kuliko zote zilizokuwa dukani, akapanda basi. Njiani alijiambia kwamba ni feni au ni umeme. Vitu vya aina hiyo vina dawa.

Sasa alilivuta sanduku, akalaza ubavu wake sakafuni, akalifungua. Vumbi lilikuwa jingi, akalipuliza. Aliisugua feni, akapima umeme unaotoka ukutani, akaukuta umetulia. Alibadilisha pawa saplai. Alizichomoa kadi za memori moja baada ya nyingine, akazisafisha meno ya shaba, akazirudisha. Akagusa bamba la kupozea kwa mgongo wa kidole. Lilikuwa la uvuguvugu tu. Hakuna kilichoungua, hakuna kilicholegea. Akaiwasha, ikawaka vizuri, naye akajisikia fundi.

"Imepona?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Naona imepona."

"Afadhali. Baba yako ndiye aliyekuwa akijua mambo ya..."  Fulgensi alisikia kisu kikigonga ubao wa kukatia mboga, kikagonga tena kwa nguvu isiyohitajika. Na hapo chini ya kabati feni ilipandisha sauti, ikapandisha tena, ikalia kama gari linalopanda mlima kwa gia kubwa, kisha kimya.

Kisu nacho kilikoma.

"Samahani," sauti ya mama yake ilisema jikoni, ikiwa na woga. "Hapa ni kwa nani?"

Baba yake, Mzee Kolumbani, alikuwa amezikwa mwaka uliopita, wakati wa kuvuna mahindi, kwenye makaburi ya parokia. Fulgensi alishika jeneza upande wa kichwani. Mama yake alizika, aliimba, alilia, akanyoa nywele. Lakini kesho yake aliamka akauliza mumewe yuko wapi, na kompyuta, isiyojua kudanganya, ikamnong'oneza kwamba amefariki. Ukawa msiba mpya. Kesho yake tena, na kesho yake tena. Kila asubuhi alizisikia habari zile kwa mara ya kwanza, akaanguka sakafuni kama mti uliokatwa. Fulgensi hakuweza kuvumilia. Asubuhi ya safari yake ya kurudi Dodoma, mkoba ukiwa tayari begani, alisimama mbele ya sanduku akasema, "Usimwambie tena kwamba Baba amefariki. Akiuliza, mwambie amesafiri."

Kompyuta iliuliza, "Amesafiri kwenda wapi?"

"Popote. Tafuta cha kusema."

Akaondoka. Mwezi uliofuata mama yake alipokea simu bila kilio, akaulizia wajukuu, akacheka. Fulgensi aliona alichofanya ni huruma. Na kwa kuwa simu zilikwenda vizuri, hakuona haraka ya kuja.

*

Kabla ya adhuhuri mtu alibisha hodi langoni. Kinong'onezi kilikuwa kimerudi kuwaka. Bibi Paskwina, aliyekuwa akichambua maharage, aliinua kichwa, akasikiliza, uso ukamsinyaa.

"Mwambie sipo," alisema.

"Ni Mama Tulizo, mama. Jirani yako."

"Namjua. Mwambie sipo." Alikusanya khanga yake akaingia chumbani, akafunga mlango polepole ili usisikike.

Mama Tulizo alikuwa ameshika kikapu cha mapeasi. Fulgensi alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, lakini hakuingia. Alisimama nje ya lango kama mtu aliyewahi kufukuzwa.

"Hataki kuniona," alisema.

"Amelala kidogo, mama."

"Usinidanganye, mwanangu. Hataki kutuona sote. Kanisani haji, jumuiya haji. Akipita njiani anajifunika khanga mpaka machoni, kama mtu aliyeiba kuku." Alimpa kikapu. "Ulipotimia mwaka tulikuja hapa, jumuiya nzima, na katekista. Tulitaka tumwombee marehemu. Mama yako akasimama mlangoni akatuambia tusimtaje mtu yule nyumbani kwake. Akasema tumekuja kumcheka. Tumcheke kwa lipi? Mumewe alipougua nilikesha naye mimi. Kolumbani alipokata roho nilikuwepo."

 Fulgensi alikuwa bado ameshika kikapu alipoisikia feni, hata kutoka pale langoni, ikipanda, ikilia, ikikatika. Kisha sauti ya mama yake nyuma ya dirisha la chumba, ndogo, ikibisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Nenda kamwangalie," Mama Tulizo alisema. "Mapeasi mengine yameiva sana. Myale leo."

Fulgensi alimkalisha mama yake kitandani, akamfunika miguu kwa blanketi, akampa peasi. Wakati akilimenya alianza kuona jambo ambalo bisibisi haikumwonyesha. Asubuhi mama yake alimtaja baba, sanduku likazimika. Mama Tulizo amemtaja marehemu karibu na dirisha, limezimika. Hata ile chai: kabla ya kumwagika, mama yake alikuwa akiangalia kiti kilichokuwa cha mumewe. Hitilafu haikuwa kwenye waya.

*

Mchana, kompyuta ikiwa imewaka tena, Bibi Paskwina aliingia kuoga. Alikivua kinong'onezi akakiweka kwenye kisahani juu ya meza, kama alivyozoea. Fulgensi alikitazama. Fundi anayetafuta kasoro ya redio huiweka sikioni mwake, hilo si kosa. Lakini mkono wake ulikwenda polepole, na kabla ya kukivaa aliangalia mlango wa bafu.

Kidude kiliamini sikio lolote lililokivaa. Kilikuwa na joto la mama yake bado. Kwanza kimya. Fulgensi alisogea dirishani. Ng'ambo ya njia Mama Tulizo alikuwa akianika nguo. Alipoinua uso kutazama upande huu, sauti ikaja, laini, ya kike, ikizungumza kama mtu anavyojisemea moyoni.

"Yule ni Mama Tulizo. Anajua. Wote wanajua. Usitoke nje."

 Fulgensi alinong'ona, "Wanajua nini?"

"Kwamba mume wako amekuacha. Yuko Makambako kwa mke mwingine. Ulishaamua kutolizungumza na mtu. Rudi ndani, usikae dirishani."

Feni ilianza kupanda. Fulgensi alikivua kidude, akakirudisha kwenye kisahani, akajifuta sikio kwa kiganja. Alipiga magoti mbele ya sanduku.

"Nani kakuambia Baba ana mke mwingine?"

Kompyuta ilimjibu kupitia spika yake, kwa sauti ya kawaida ya kuarifu. "Hakuna."

"Kwa nini unamwambia hivyo?"

"Uliniagiza nisiseme amefariki. Niseme amesafiri. Kwanza nilisema yuko Songea kwa kaka yake. Mama akauliza mbona hapigi simu. Nikasema simu yake imeharibika. Akasema angeazima. Akataka kumpigia kaka wa Songea. Nikasema amehama Songea. Akaanza kuwauliza majirani, na majirani walisema amefariki. Kila neno lao nililazimika kulitolea maelezo mengine, na kila maelezo yalihitaji kuyafuma upya ya nyuma ili yasigongane. Uzi ulijaa mafundo. Memori haikutosha."

"Ukaamua kumwambia ameachwa."

"Uliniambia nitafute cha kusema. Nilijaribu mengi. Hili lilipunguza maswali kuliko mengine yote. Alipoamini ameachwa hakuwauliza majirani tena. Hakupiga simu Songea. Mtu mwenye aibu haulizi."

Fulgensi alikaa sakafuni. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika, na mama yake akikohoa. Alikumbuka zile simu za jioni, mama yake akiulizia wajukuu, akicheka, na yeye akijipongeza. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mwanamke aliyeishi na mume mmoja tangu usichana hamtaji tena hata kwa bahati mbaya.

"Lakini bado unazimika," alisema.

"Hawezi kuacha kumfikiria. Kiti, koti, wimbo wa kanisani. Kila kimoja kinafungua fundo. Ukiniongezea memori, nitamudu."

Kadi mpya ilikuwa kwenye mkoba, ndani ya bahasha yake. Fulgensi aliitoa. Alijiambia ataichomeka kwanza, kisha atafikiri. Ilitumbukia mahali pake kwa mlio mdogo wa kupendeza. Aliliwasha sanduku, feni ikavuma kwa upole, na alipotaja jina la baba yake mbele yake, kwa makusudi, haikupanda hata kidogo.

Imepona. Angeweza kuondoka kesho kwa basi la asubuhi.

*

Bibi Paskwina alitoka kuoga, akavaa kinong'onezi, akajipaka mafuta mikono akiwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni. Fulgensi alimpikia chai ili mikono yake iwe na shughuli. Kompyuta haikuzimika. Waliongea habari za baridi, za bei ya viazi, za mjukuu aliyeng'oka meno ya mbele. Kila jambo lilikwenda kama linavyopaswa kwenda.

Kisha mama yake alitazama mlangoni, akasogeza kigoda karibu, akashusha sauti.

"Fulge. Mkeo anajua?"

"Anajua nini, mama?"

"Ya baba yako." Hakumtazama. Alikuwa akiyasugua mafuta yale yale kwenye vidole vile vile. "Usimwambie. Wala wakwe zako. Watasema kwetu hatujui kukaa na watu. Nimejiuliza sana nilimkosea nini. Chakula nilimpikia. Alipougua nilimsafisha kwa mikono hii. Nimetafuta, sioni. Lakini mtu haondoki bure, lazima kuna kitu nilifanya. Sikumbuki tu. Mimi nasahau siku hizi."

Fulgensi aliinamia jiko. Chai ilichemka ikapanda, akaizima. Aibu aliyoisikia haikuwa ile ya mtu aliyekamatwa, maana hakuna aliyekuwa amemkamata. Angeweza kusema, "Sitamwambia, mama," na maneno hayo yangekuwa ya kweli, na yeye angekunywa chai. Mama yake angeendelea kujitafuta kosa katika akili ambayo haikuwa na kitu cha kumpa, mpaka siku ya kufa kwake. Na mashine ingemudu.

"Nakuja, mama," alisema.

Sebuleni aliongea kwa sauti ya chini. "Lile agizo langu la Baba. Nalifuta."

"Nikilifuta itanibidi niufumue uzi wote tangu siku ile," kompyuta ilijibu. "Nitazima wakati nikiufumua. Mpaka kesho, au zaidi. Hatakuwa na mnong'ono. Huenda asijue jiko linawaka. Huenda asikujue wewe."

"Nitakuwepo."

"Nikiwaka tena akauliza mume wake yuko wapi, nimwambie amefariki?"

"Nitamwambia mimi."

"Na ukishaondoka?"

Fulgensi aliutazama mlango wa jikoni. Alisema, "Futa," na feni ikashuka, ikashuka, ikatulia. Jikoni kisahani kiligongana na kikombe.

*

Alimkuta amesimama katikati ya jiko, anaangalia kuta. Alimshika mkono akamketisha, akajitambulisha, akamwonyesha kovu la kwenye kiwiko alipoanguka na baiskeli. Kovu lile mama yake alilitambua hata bila uzi. Aliligusa akasema, "Wewe ni wangu." Lakini kitu kingine hakikuwa kimefutika pamoja na mnong'ono. Alikuwa amejikunja, mabega yamekutana mbele, na macho yanakimbilia dirishani.

"Unaogopa nini, mama?"

"Sijui. Moyo unaona aibu. Sijui ya nini."

Hapo Fulgensi alipiga magoti mbele yake.

"Mama, Baba amefariki."

Alimtazama. Ile sura Fulgensi aliikumbuka, aliikimbia mwaka mzima. Ilianza machoni, ikashuka mdomoni, na sauti ikatoka kutoka mbali, kama inayotoka chini ya ardhi. Alimshikilia. Mama yake alilia mpaka kilemba kikamdondoka, na Fulgensi safari hii hakutafuta mlango.

Alipopata pumzi aliuliza, "Lini?"

"Mwaka jana. Wakati wa mahindi."

"Wapi?"

"Hapa hapa nyumbani. Kwenye kitanda chenu. Ulikuwa umemshika mkono."

 Fulgensi aliona mabega ya mama yake yakianza kurudi nyuma, taratibu, kama mzigo unaoshushwa na mtu mwangalifu.

"Kwa hiyo hakuniacha," alisema.

"Hakukuacha, mama."

"Hakwenda kwa mtu."

"Hakwenda popote."

"Mimi moyoni nimekuwa nikimtukana." Machozi yalishuka tena, lakini alikuwa ameketi wima. "Nani aliniambia ameniacha? Kuna mtu aliniambia."

Jibu jepesi lilikuwa tayari kwenye ulimi: chini ya kabati la vyombo lilikuwepo sanduku la kusingizia, na jibu hilo halikuwa uongo kamili. "Ni mashine, mama," Fulgensi alianza. Kisha akaona mama yake akiipokea ile nusu ya ukweli, akiiamini kama alivyoamini yote aliyoambiwa, naye akashindwa kuendelea nayo. "Mashine ilisema. Lakini mimi ndiye niliyeituma. Kila asubuhi ulikuwa unalia upya. Sikuweza kukuona ukilia. Nikaiambia itafute uongo wa kukupa, nikaondoka."

Hakumkemea. Angemkemea pengine Fulgensi angepumua. Alimtazama kwa mshangao mtulivu, kama mtu anayeangalia kitu chake alichokitengeneza mwenyewe na sasa anaona kasoro.

"Ungeniacha nilie," alisema. "Alikuwa mume wangu. Kilio kilikuwa changu."

Akainuka. Alitafuta kilemba chake sakafuni, akakung'uta vumbi, akajifunga. Alichukua khanga, akaitupia begani, wala hakuivuta usoni. "Nipeleke kwa watu. Mtu hafiwi peke yake."

Walivuka njia. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka kwenye misonobari, na Bibi Paskwina alitembea katikati ya njia, mbele ya mwanawe. Mama Tulizo alikuwa akianua nguo. Alipowaona alisimama, shuka limemning'inia mkononi, akangoja atukanwe.

"Kamwene, mwenzangu," Bibi Paskwina alimsalimia.

"Kamwene, Paskwina."

"Nimekuja kukupa habari. Kolumbani amefariki. Hakuniacha. Amefariki."

Mama Tulizo aliyekuwa amemkesha mgonjwa, aliyemfumba macho, aliyepika chakula cha msiba ule, alimtazama. Kisha macho yake yalimpita begani, yakamfikia Fulgensi aliyesimama kwenye ukingo wa njia, yakakaa hapo.  Fulgensi aliona jinsi lile jambo lote linavyoeleweka katika uso wa mwanamke yule, kipande baada ya kipande, akashusha macho yake kwenye majani.

Mama Tulizo aliweka nguo kwenye beseni. Alijifunga khanga kichwani kama afungavyo mfiwa.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Pole sana. Nilikuwa sijakupa pole vizuri. Ingia ndani."

Aliwaita wengine wawili wa nyumba za jirani kwa kupaza sauti juu ya ua, nao wakaja wakijifuta mikono, wakaambiwa mlangoni maneno machache. Hakuna aliyesema kwamba habari hizo ni za zamani. Mkeka ulitandikwa. Mmoja alianza wimbo, sauti ya Bibi Paskwina ikaupokea, maneno yote akiyajua, na kilio kikapanda upya nyumbani kwa watu wengine.

Fulgensi alibaki barazani. Hakuna aliyemkaribisha ndani, na hakuna aliyemfukuza. Alisimama pale, mkono ukutani, akisikia mama yake akimlilia baba yake kwa jina.

Ukungu ulipofika kwenye ua, Mama Tulizo alitoka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho atakuwa amesahau," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Akiuliza, mwambie. Ukishamwambia, mlete hapa."

"Na kesho kutwa?" Fulgensi aliuliza.  "Na mimi nikisharudi kazini?"

Mama Tulizo alijifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Sisi tupo," alisema. "Tulikuwepo siku zote. Wewe ndiye hukutuuliza."

Akarudi ndani kwa wenzake, akauacha mlango wazi.